Petroli Iliyolalia Upande

Kigari cha gofu kilizima tena karibu na shimo la mwisho, na wachezaji wakakisukuma hadi karakana wamenuna. Fundi alikipokea, akainua kiti, akaanzia pale anapoanzia siku zote. Plagi ilitoa cheche nzuri. Chujio la mafuta lilikuwa safi na pampu ilivuta. Alifungua kabureta, akapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, akalitikisa boya karibu na sikio asikie kama limeingia mafuta. Lilikuwa zima.

Upande wa pili wa meza alikuwa mdogo wake. Pale klabuni walimwita Kivuli, maana tangu kaka yake amwombee kazi hakuonekana mbali naye. Fundi ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kushika spana, na Kivuli alipooa, fundi alimwachia nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, yeye akahamia chumba cha kupanga.

"Labda mafuta yana maji, kaka."

Fundi akakinga petroli kwenye chupa ya kioo. Haikuwa na maji, ila haikutulia. Ililalia upande mmoja, ikapanda karibu na mdomo wa chupa na kuacha upande wa pili mkavu. Aliizungusha chupa, petroli nayo ikazunguka, ikaelekea lango la nyuma kama mwanzo. Basi ndiyo maana vigari vilikimbia vikielekea huko na kukohoa vikigeuzwa: mafuta yalijikusanya upande mmoja wa kabureta, jeti ikabaki kunyonya hewa. Fundi alifurahi kidogo, kama afurahivyo fundi yeyote aliyeupata ugonjwa.

Kivuli akasema kichwa kinamgonga, akaondoka mapema.

Fundi alitoka na chupa yake kupitia lango la nyuma, akaifuata. Mshona viatu alimsalimia.

"Petroli hiyo imelala sana," alisema.

"Inakwenda kwao," fundi akajibu, na mshona viatu akaendelea na soli yake.

Ilimpeleka hadi kwenye geti alilolipaka rangi mwenyewe. Uani, chini ya turubai, palikuwa na madumu ya klabu, yote yameinamia upande anakotokea. Ilibidi azibe chupa kwa kiganja.

Shemeji yake alimkaribisha kwa adabu, akamwita mumewe. Kivuli akatoka, kichwa kizima.

"Hii ni ya klabu?" fundi akauliza.

"Ni ya klabu, kaka."

"Meneja anajua?"

"Anajua inapotea. Ameniuliza jana. Nikamwambia ni wewe." Alisema hivyo kama mtu anayeomba apishwe njia. "Wewe wamekuzoea, watakusamehe. Mimi wangenifukuza."

Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu mdogo wake alikuwa amekaa, akalipima jambo lile, na katika kulipima akaona mtu wa kumtoa kafara ni kaka. Fundi alitafuta tusi la kumfaa, akakumbuka kwamba matusi mengi yangemtukana mama yao.

Asubuhi aliiweka chupa kwenye meza ya meneja. Meneja aliinamisha kichwa kidogo, akaitazama petroli ilivyolala.

"Naona. Na huko inakoelekea ni kwa nani?"

Fundi alimtazama Kivuli aliyesimama mlangoni, akamwachia nafasi aseme mwenyewe. Alikuwa bado ana imani naye, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye.

"Nimeuliza, hiyo nyumba inakoelekea ni ya nani?"

"Nyumba ni ya kaka," Kivuli alisema.

Ilikuwa kweli. Fundi alingoja aongeze neno. Meneja naye alingoja, kisha akanyoosha mkono kuomba funguo za karakana. Walipotoka, Kivuli ndiye aliyeachiwa funguo na kazi.

Haukupita muda mrefu, Kivuli akagonga mlango wa chumba cha kupanga. Alikuwa amevaa ovaroli mpya. Hakutaka kukaa.

"Kaka, vigari vinakwenda vizuri, vikirudi vinazima. Nimefungua kabureta zote."

Fundi angeweza kumfungia mlango, na alitamani. Lakini swali lilikuwa la kabureta.

"Visigeuzwe. Virudi kinyumenyume."

"Kinyumenyume," Kivuli alirudia, akashukuru, akaenda zake.

Siku hizi pale klabuni wachezaji wanarudi kinyumenyume, shingo wamezipinda, na wamezoea. Fundi mkuu mpya anasifiwa kwa ubunifu wake. Madumu bado yako chini ya turubai.

Jioni ile Kivuli alipoondoka, fundi alijimiminia chai, akaiweka mezani ipoe. Chai ililalia upande mmoja wa kikombe, upande wa nyumba aliyoijenga. Alikigeuza kikombe. Ikarudi kulekule, kwa mdogo wake. Fundi akahamisha kiti upande ule chai ilikoinuka, akainywa ikiwa bado ya moto.