Karata Isiyochomeka

Bogna alikufa tena, na safari hii alikufa akiwa ameshauona moshi wa nyumbani. Mbwa mwitu wawili tu, wala si wakubwa. Mkononi alikuwa na karata tano: panga mbili, ngao, mkate, na ile nyingine. Ile nyingine ndiyo iliyomuua. Mahali pake pangekuwa na ngao ya pili, angefika.

"Pumbavu wewe," akasema, lakini hakuwa akiiambia kompyuta.

Kazi ya Bogna ilikuwa kucheza michezo ya kompyuta na kuisema gazetini, uzuri wake na ubaya wake. Pale Łódź, na Poland yote, mtu kabla hajanunua mchezo wa karata alitaka kusikia kwanza Bogna kasemaje. Shamba lake hasa lilikuwa ile michezo ya kufa na kuanza upya. Unatoka na fungu dogo la karata hafifu, kila ukishinda pambano unachagua karata moja mpya, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo mikono mitupu. Mgeni wa michezo hiyo hukusanya karata kama mtu anayeokota kuni. Mjuzi hufanya kinyume. Anajua kwamba fungu likinenepa, karata unayoihitaji haikujii saa ya shida. Kwa hiyo mjuzi hutupa. Akipata nafasi tu, huitafuta karata yake iliyo dhaifu kuliko zote, akaitia moto, wala hageuki nyuma kuitazama.

Mchezo huu uliomuua uliitwa Njia ya Theluji. Mtu mmoja fundi wa masufuria anavuka msitu wakati wa baridi kali, awahi kwao kabla ya mkesha wa Krismasi. Njiani kuna mbwa mwitu, wanyang'anyi, na barafu inayopasuka. Hapa na pale kuna moto wa kambi, na kwenye moto unachagua moja: uote upone majeraha, au uchome karata usiyoitaka. Aliyeubuni na kuuchora ni Halszka, dada yake Bogna, kwa wino na brashi, karata moja moja. Mume wa Halszka, Lubomir, ndiye aliyeifanya kompyuta itii.

Halszka alifariki majira ya kuchipua, damu yake ikiwa imeingiwa na saratani. Mchezo ulikuwa umebakiza kidogo.

Hospitalini, siku ambayo bado alikuwa na nguvu za kugomba, alimwambia Bogna, "Mchezo ukitoka, wewe ndiye utakayeusema. Asiuseme mwingine."

"Mimi ni mdogo wako. Watasema nimekubeba."

"Basi usinibebe. Kibaya sema kibaya. Ukinionea huruma nitakuja usingizini nikuvute miguu."

"Utakuja na hayo makorokoro ya dripu?"

"Nitakuja nayo. Utanisikia tangu ngazini."

Wakacheka mpaka muuguzi akachungulia. Bogna aliahidi.

Sasa mchezo ulikuwa mbele yake, umetumwa na Lubomir mapema kabla ya kuuzwa, kama ilivyo desturi kwa wasemaji wa michezo. Ulikuwa mzuri. Alijua tangu moto wa kwanza kwamba ulikuwa mzuri, na aliona fahari, na fahari ile ikamuuma. Lakini ndani yake mlikuwa na ile karata. Iliitwa Kiti cha Mgeni. Picha yake ilikuwa meza ya mkesha, kitambaa cheupe, kiti kitupu, na ile sahani ya ziada ambayo kwa desturi ya Poland huwekewa mgeni asiyetarajiwa usiku huo, isiyoguswa na mtu. Unaanza nayo. Haipigi, haikingi, haiponyi. Inakaa tu mkononi na kukulia nafasi. Na ukifika kwenye moto, karata zote zinaonyesha alama ya mwali ila hiyo. Haichomeki.

Jumapili alipanda tramu akaenda kwa shemeji yake. Lubomir alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu ambazo Halszka alikuwa akimkata mwenyewe. Sasa zilikuwa zimeota ovyo. Koti la Halszka lilikuwa bado msumarini mlangoni, na viatu vyake chini yake.

"Shemeji," Lubomir akasema, "umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Vyote viwili. Anza na njaa."

Akampakulia pierogi, vile vimaandazi vya kuchemsha vya kujazwa uyoga, zimeshikana kama ndugu waliogombea urithi. Bogna akala bila kulalamika, na hapo Lubomir akajua maneno yenyewe ni mazito.

"Haya, toa."

"Kiti cha Mgeni kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu."

"Hilo nimeliona. Nauliza, kilikusudiwa kifanye nini?"

Lubomir akafuta meza iliyokuwa safi. "Sijui. Nilimuuliza. Akasema, 'Hicho kiache, nitakimalizia.' Aliandika tu kwamba kisichomeke. Hakukimalizia."

"Lubomir, karata ile inauua mchezo. Mtu atacheza vizuri safari nzima, mwishoni anakufa kwa ajili ya kitu asichoweza kukitumia wala kukiacha. Watu watautupa. Kazi yake yote wataitupa kwa sababu ya karata moja."

"Kwa hiyo?"

"Waruhusu waichome."

"Nimchome."

"Sikusema umchome yeye. Nimesema karata."

"Mimi naijua hiyo karata ni nini, Bogna. Kila kitu kingine nimekishika kwa mikono yangu, nimekirekebisha, nimekipunguza. Kile peke yake ni kama alivyokiacha. Wewe unakuja kula pierogi zangu, unaniambia nimchome."

"Pierogi zako zenyewe hazina chumvi."

"Yeye ndiye aliyekuwa akitia chumvi!"

Alisema kwa sauti kubwa, kisha akakaa chini kama mtu aliyeishiwa na upepo. Bogna akanyoosha mkono juu ya meza. Lubomir hakuushika.

Angeweza kunyamaza. Hata akiwa kwenye tramu ya kurudi alijua kwamba angeweza: angeusifu mchezo, hiyo karata akaipita kama mtu anayeruka dimbwi, na hakuna ambaye angemlaumu mtu mwenye msiba. Lakini kila alipojaribu kuandika hivyo alisikia makorokoro ya dripu yakipanda ngazi.

Kosma, mhariri wake, alimpigia simu. "Huwezi kuusema mchezo wa dada yako. Watatusuta."

"Nitaandika juu kabisa kwamba ni dada yangu. Anayetaka asome, asiyetaka aache."

"Na ukiusifia kupita kiasi?"

"Hiyo ndiyo hofu yako? Subiri usome nitakachoandika."

Kosma alipousoma uhakiki wenyewe alipiga tena, akasema, "Mama yangu, Bogna. Una uhakika?"

"Utoe."

Uhakiki ukatoka. Ulisema mchezo ni wa kupendeza, kwamba hakuna theluji iliyochorwa vizuri kama ile, kwamba kila pambano lina akili. Kisha ukasema: "Karata moja inayaharibu yote. Kiti cha Mgeni hakisaidii kitu, na mchezaji hapewi ruhusa ya kukiacha. Katika michezo ya namna hii, usichoweza kukiacha ndicho kitakachokuua. Waliobaki na mchezo huu wawe na ujasiri wa kukichoma." Akaupa alama sita kwa kumi. Bila karata ile angeupa tisa, na hilo pia aliliandika.

Lubomir hakupiga simu. Lakini siku mchezo ulipoingia sokoni, karata ilikuwa na alama ya mwali kama nyingine zote.

Na watu waliupenda. Walikuja wengi kuliko alivyoota Halszka, wakajaa kwenye vibaraza vya mtandaoni kuulizana na kutambiana. Bogna alikuwa akisoma maneno yao asubuhi akinywa chai.

"Jamani mimi mgeni humu, kila mara nafia kwenye barafu. Nisaidieni."

"Umechoma kiti?"

"Kiti gani?"

"Ha! Kwanza kabisa choma kiti, mwanangu, halafu ndiyo uje kuuliza."

Ikawa salamu. Mtu akilalamika lolote, hata kama bibi yake anaumwa jino, anaambiwa: choma kiti. Mmoja alichora picha ya fundi wa masufuria anaota moto, na kinachowaka ni kile kiti na meza yake na sahani yake. Walicheka sana. Hawakuwa watu wabaya. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na hao hawakumjua aliyekuwapo. Bogna aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Siku hizo alimpigia Lubomir simu, ikalia weee, haikupokewa. Akapiga tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile.

Siku ya mkesha wa Krismasi hakupiga. Alichukua bakuli lake la samaki wa hering wenye vitunguu, akatia kompyuta yake begini, akaenda.

Lubomir alifungua. Ndevu alikuwa amezinyoa zote. Alionekana kama mdogo wake mwenyewe. "Shemeji," akasema. "Pita. Nyota ya kwanza bado haijatoka, saa ya kula haijafika."

Msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu. Chini hapakuwa na viatu. Bogna akaingia ndani akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Ile meza ya kuchorea iliyokuwa dirishani haipo. Brashi hazipo. Rafu ya vitabu ilikuwa nusu. Kuta zilikuwa na miraba ya rangi ya zamani pale zilipokuwa zikitundikwa picha.

"Lubomir. Ziko wapi karata? Zile za wino alizochora kwa mkono."

"Nimepunguza."

"Umepunguza nini?"

"Fungu." Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Nilisoma ulivyoandika. Nilisoma mara nyingi. Nikaona ni kweli. Nilikuwa naamka, koti lile. Naenda kupika, kikombe kile. Kila siku mkono wangu umejaa vitu nisivyoweza kuvitumia. Nikaanza na viatu. Siku ile nililala vizuri. Basi nikaendelea. Vingine nimewapa watu. Za karatasi nilizitia jikoni kwenye moto."

"Zote?"

"Mwanzoni zile hafifu. Baadaye zote."

Bogna akakaa. Alikuwa amekuja na ombi moja: apewe mchoro mmoja, wowote, hata wa panga. Alilitunga njiani kwenye tramu, namna ya kuliomba bila kumuumiza. Ombi likabaki mdomoni.

"Mimi nilikuwa naongea habari za mchezo," akasema mwishowe.

"Najua."

"Mchezo, Lubomir! Ukifa kwenye mchezo unaanza upya, unapewa karata zilezile. Hapa nani atakupa?"

Lubomir aliangalia mikono yake. "Hilo nilikuja kulifikiria juzi," akasema. "Nililala vibaya juzi."

Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, na sahani mbili. Bogna alitazama mara ya pili kuhakikisha. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona meza ya mkesha isiyo na ile ya ziada. Hata mwaka ule baba yao alipoachishwa kazi kiwandani, na chakula chenyewe kilikuwa viazi, sahani ya mgeni iliwekwa.

"Ya tatu iko wapi?"

"Zimebaki mbili tu. Nyingine zilikuwa zake."

Nje giza lilikuwa limeanza kuingia. Kwa jirani watoto walipiga kelele kwamba nyota imetoka, mmoja akabisha kwamba hiyo ni ndege. Bogna akainuka, akachukua bakuli lake, akagawa samaki wote kwenye sahani zao mbili mpaka zikafurika. Akaenda kwenye sinki akaliosha, akalifuta, akaliweka mahali pa tatu, akavuta kiti cha jikoni akakiweka mbele yake. Wakavunjiana mkate mwembamba wa mkesha, kama ilivyo desturi ya kutakiana heri. Heri yenyewe walishindwa, wakaishia kusema "haya."

Walipokwisha kula Lubomir akasema, "Kompyuta umekuja nayo ya nini?"

"Nina ule mchezo wa mwanzo. Ule ulionitumia kabla. Ndani yake bado haichomeki." Aliona haya kidogo. "Nilidhani tungecheza huo."

Akaifungua kati yao. Lakini mashine ilikuwa imejisasisha yenyewe muda mrefu uliopita bila kumuuliza, kama zinavyofanya mashine zote. Walipofika kwenye moto wa kwanza, karata zikajipanga, na Kiti cha Mgeni kikaja na alama yake ya mwali, kikisubiri.

Bogna akaziba uso. "Hata huo nao."

Hapakuwa na mchoro, wala brashi, wala koti. Kwenye kioo, kitambaa cheupe kilichochorwa kwa wino kilikuwa na kijidoa pembeni, pale ambapo Halszka siku moja alitonesha chai na kusema, iache, meza gani haina doa.

"Shemeji," Lubomir akasema. "Kuruhusiwa si kulazimishwa. Kitufe cha kupita kipo."

Lubomir akanyoosha mkono mwenyewe, akabonyeza, na fundi wa masufuria akaupita moto bila kuchoma kitu na bila kuota, akaendelea kwenye theluji na fungu lake lote.

"Tutakufa kwenye barafu," Bogna akasema.

"Tutakufa kabla ya barafu, kwa unavyocheza wewe."

Walikufa kwenye barafu. Lubomir akasogeza bakuli tupu kidogo, lisije likaanguka, akaanza upya.