Mlinzi wa Tatu

Papa, yaani baba yangu Ezira, hakuwahi kuvua viatu mchana. Alikula navyo, alisali navyo, na alipolala alivipanga kando ya kitanda, kamba zikiwa zimelegezwa, ncha zikitazama mlango. Kijiji chetu kizima cha Kashojwa kilimtania, nami mwanawe nilimtania kuliko wote. Nilimwambia tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka wa kumi na saba sasa, na hakuna anayemfukuza ila kuku wa jirani.

Mwaka 2014 nilikuwa namaliza masomo ya kompyuta chuoni, mjini Mbarara. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa mfano wa mfumo wa onyo wa jeshi. Kompyuta tatu, kila moja kwenye kituo chake cha ulinzi, zinaangalia mpaka. Ndani ya nusu sekunde mfumo uamue kupiga king'ora au kukaa kimya. Zilikuwa tatu kwa sababu adui anaweza kuingia katika moja kupitia mtandao na kuifundisha uongo. Mbili zikikubaliana, neno lao ndilo linalofuatwa. Niliuona mpango wangu mzuri kabisa, na mimi nikijisifu huwa sijifichi.

Mwalimu Tibamanya, aliyekuwa fundi wa mawasiliano jeshini kabla ya kuja chuoni, aliuangusha kwa dakika tano. Aliingilia kompyuta ya kwanza, ikawa inasema shwari. Ya pili ikasema hatari, na ilisema kweli. Ya tatu hakuiingilia. Aliirundikia tu ujumbe wa kipuuzi mpaka ikawa inasuasua. Mfumo wangu ukakaa unaisubiri iamue. Ulisubiri sekunde tisa.

"Adui hapana vunja kitu," alisema. "Yeye amekungojesha tu, na wewe umengoja."

Nikamjibu kwa hasira kwamba basi, zikitofautiana, king'ora kilie. Akauliza, na adui akikiliza kila siku, nani atakimbia siku ya kweli? Akanipa mpaka Jumatatu nilete mpango mpya pamoja na sababu zake. Nikishindwa ningerudia mwaka, na ufadhili wangu ulikuwa unaishia hapo. Ningerudi kulima.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi nyumbani nikiwa nimenuna. Papa alikuwa ametoka kupalilia maharage. Tukinywa chai na mihogo aliniuliza kinachoniuma, nami nikapanga vikombe vitatu vitupu mezani nikamweleza: huyu anadanganya, huyu anasema kweli, huyu anachelewa. Nilidhani atasinzia. Badala yake alikitazama kikombe cha tatu, akaacha kutafuna.

Akaanza kusimulia, polepole, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi niliambiwa tu kwamba mama alikufa vitani nikiwa na miaka mitano. Kumbe kule kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, kulikuwa na walinzi watatu juu ya vilima vitatu, kila mmoja na motorola yake, ile redio ya mkononi. Sheria ya kijiji ilikuwa moja: watu hawakimbii mpaka walinzi wote watatu wawe wamesema, kisha neno la wawili ndilo lifuatwe. Asubuhi moja wa kwanza akasema wanakuja. Wa pili akasema ni amani, watu wabaki. Sauti hiyo iliongea lugha yetu vizuri, lakini redio ilikuwa imeshaingia mikononi mwa adui. Wa tatu alikuwa papa.

"Nilisema niende kwanza nione na macho yangu," alisema. "Nilitembea mupaka ku ncha ya kilima. Wakati nilisema neno, masasi ya bunduki ilikuwa inalia tayari. Batu balikuwa bananingojea. Mama yako naye."

Hasira ikanipanda, wala si juu yake. Nikauliza ni mjinga gani aliyeweka sheria ya kungoja wote watatu.

"Ni miye," alisema.

Kabla ya siku hiyo, alieleza, walikuwa wamekimbia mara mbili kwa habari za uongo, mvua ikinyesha, na mtoto mmoja akafia njiani. Ndipo akaona heri kuhakikisha kwanza. Nilimkasirikia, nasema wazi, na nilimhurumia, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi. Chai ikapoa mbele yetu.

Kisha akasema, kama anayejisemea: "Kama ningewaambia tu bavae viatu. Bakamate batoto, basimame ku mulango. Kuvaa viatu haiuwe mutu."

Nikavitazama viatu vyake. Utani wote ulinitoka.

Jumapili sikwenda kanisani, niliandika upya. Kompyuta mbili zikitofautiana, mfumo hausubiri na haupigi king'ora. Papo hapo unatoa amri ndogo: askari wasimame, injini ziwashwe, milango ifunguliwe. Adui akitaka kutuchezea kila siku, mara nyingi atatusimamisha tu. Ya tatu inapewa muda wake mfupi wa kusema. Muda ukiisha nayo iko kimya, ukimya wake unahesabiwa kuwa hatari. Hali hiyo ya katikati niliiita VIATU.

Jumatatu Tibamanya aliingilia moja, akaichelewesha nyingine. Taa ya njano ya VIATU ikawaka kabla hajatoa mkono kwenye kibodi, na punde king'ora kikalia. Akajaribu njia nyingine nne, akashindwa zote. Mwishowe akauliza hivyo viatu nimefundishwa na nani. Nikasema ni papa, mkulima wa Kashojwa. Akaweka sahihi, akasema nimpelekee salamu.

Nilizipeleka. Papa alisikiliza yote, hata yale asiyoyaelewa, kisha akauliza swali moja tu.

"Na ule wa tatu, mwenye alichelewa. Akirudi, munamufanyia nini?"

Nikamweleza kama ilivyo kwenye mpango. Hafukuzwi. Anapewa habari zote zilizompita, anapimwa kidogo, kisha anarudishwa kwenye nafasi yake pamoja na wenzake.

"Banamupokea?"

"Banamupokea, papa."

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kufungua kamba za viatu.