Friji ya Mama Consolate

Mzee Abdoul-Karim hakuwahi kukanyaga baa mpaka ugonjwa wa bintiye ulipomwingiza humo. Amina alizaliwa na mwili usiotengeneza kimeng'enya kimoja tu, basi mafuta yakajaa kwenye wengu, tumbo likamvimba na mifupa ikamuuma. Ukoo wa baba na wa mama walirushiana lawama, hadi daktari wa Kigoma aliposema kila upande umechangia nusu. Wakaacha kulaumiana.

Dawa ya kuziba pengo hilo ilikuja kwa boti, msaada wa watu wa mbali, nayo ilitaka baridi. Vita vilikuwa vimemaliza friji zote za mtaani isipokuwa ile ya bia ya Mama Consolate. Vichupa vikalala humo katikati ya bia, na mzee, kanzu na kofia, akawa anaonekana baa kila baada ya wiki mbili. Mtaa ulipata la kusema.

Siku moja umeme wa kituo cha Bendera ukakatika. Mzee akakaa mchana kutwa ameegemea mlango wa friji, asije mlevi akaufungua baridi ikatoka na dawa ikaharibika. Muuguzi Fidèle, wa kumtundikia Amina dripu ya dawa hiyo, angefika kesho yake kutoka Kirungu.

Ndipo komanda wa askari walioushika mji akaingia na kiu yake. Kumwambia kuna dawa haikufaa. Mzigo wa dawa uliotangulia askari wake waliupora bandarini.

"Mama, leta ya baridi."

"Courant hakuna, chef. Yote iko moto," akasema Consolate.

"Nitashika mwenyewe." Akamtazama mzee. "Ao we Papa, musilamu hadanganye. Bia ya humu iko moto?"

"Iko moto, chef. Nimeikunywa sasa hivi."

Komanda akacheka mpaka akashika meza. "Basi kunywa tena, nione."

Consolate akafungua chupa ya kwenye kreti la sakafuni, akisema imetoka frijini sasa hivi. Mzee akapiga funda kubwa, uso ukamkunjamana kama aliyelamba shubiri. Uso ule ndio uliomsadikisha komanda kwamba bia ni moto kweli. Akaenda zake kutafuta barafu kwa wauza samaki.

Asubuhi dawa ilikuwa ikidondoka taratibu mkononi mwa Amina. Mzee, aliyekuwa akiomba toba tangu alfajiri, akaketi kando yake.

"Papa, banasema ulikunywa bia."

"Nilikunywa."

"Iko namna gani?"

"Mubaya sana, mwanangu."

Amina akacheka huku ameshika tumbo lake, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mifupa ianze kumuuma. Mzee akayatafuta majuto yake ya alfajiri, asiyaone.