Makadirio ya Ndege ya Daktari wa Meno

Tangu asubuhi fundi redio wa karakana ya ndege ndogo alikuwa kiguu na njia, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anakaa, anasimama, anaizunguka ile ndege ya viti vinne, anaikodolea macho. Mwenye ndege, daktari wa meno, alitaka kufungiwa vyombo vipya vya redio, vile vinavyomwonyesha rubani njia pale mawingu yanapomziba macho. Na bei aliitaka kabla ya adhuhuri. Karakana ya jirani ilishampa yake kwa simu, nayo ilikuwa tamu kama ahadi za mchumba.

"Shemeji, andika chochote," alisema mwenye karakana, mume wa dada yake. "Tukiikosa kazi hii nafunga mlango, na wewe utakarabati redio za sokoni."

"Sijaona nyuma ya dashibodi."

"Nyuma kuna nini? Nyaya!"

"Za nani?"

Shemeji yake, mwenye karakana, aliinua mikono, akamwachia Mungu kesi hiyo.

Fundi akafungua skrubu. Alipouvuta ubao wa vyombo, nyaya zilimmwagikia. Mafundi wa miaka yote walikuwa wamefunga nyaya mpya bila kutoa za zamani. Zimelaliana vizazi kwa vizazi, marehemu juu ya marehemu, na hakuna aliyeandikwa jina kaburini. Kuzitenga zilizo hai na zilizokufa kungekula siku nyingi kuliko kufunga vyombo vyenyewe. Akaandika hesabu ya kweli. Ilitoka mara mbili ya ile ya jirani.

Shemeji aliisoma, akatafuta kiti.

Daktari alipofika hakutafuta kiti, alitafuta ugomvi. "Toa antena, basi. Punguza."

"Daktari, bila antena vyombo hivyo ni pambo."

"Mbona jirani kaniambia nusu?"

"Jirani hajafungua. Njoo uone."

Daktari akaingiza kichwa na tochi. Akakaa humo kitambo. Fundi alisugua kiatu sakafuni, akang'ata kucha, akakagua mabati ya paa kana kwamba ni yake.

"Nani kafanya haya?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Wale wa bei rahisi."

Kichwa kikatoka kimejaa vumbi. "Na mimi hupakia wanangu humu," alisema taratibu. "Ng'oa zote."

"Kuhusu malipo ya awali..." alianza shemeji.

"Nyamaza, shemeji," alinong'ona fundi, ambaye tayari alikuwa anatafuta koleo kabla mtu hajabadili nia.