Aliyesikia Zamu Ikikabidhiwa

Miaka kumi na mitano ya uuguzi haikumtosha. Akarudi chuoni kusomea shahada ya pili, ya kuwahudumia mahututi mpaka warudie maisha yao. Wenzake wodini wakambandika jina: Bibi Shule. Mgonjwa wake wa mtihani alikuwa fundi mwashi, aliyegongwa na lori akiwa na mkewe kwenye pikipiki. Mke alifia palepale. Mama wa fundi aliwasihi wauguzi wafiche habari hiyo mpaka mwanawe aweze kupumua mwenyewe.

Sasa fundi alikuwa macho, mpira wa mashine ya kupumulia kooni, hawezi kusema. Mapafu yalikuwa safi, misuli ina nguvu. Lakini kila msaada wa mashine ulipopunguzwa, alivuta pumzi mbili tatu za juujuu, kisha akasusa.

"Leo ndiyo mara ya mwisho kumjaribu," mkufunzi wake wa chuo alisema. "Akishindwa, kesho anatobolewa shingo, mpira upitie hapo. Tatizo liko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Nimefuata kila hatua."

Mkufunzi alipokwenda kitanda cha pili, Bibi Shule alimkalisha fundi ukingoni mwa kitanda, akapunguza msaada wa mashine, akampa ubao wa herufi.

"Kaka, unaumwa wapi? Nionyeshe."

Kidole cha fundi kikapita herufi mojamoja. NILIKUSIKIA.

"Ulinisikia nikisema nini?"

MKE WANGU.

Bibi Shule alikumbuka asubuhi ya siku ya tatu tangu ajali. Kanuni yao ni kukabidhiana zamu palepale kitandani, na fundi alikuwa amelazwa usingizi kwa dawa. Yeye Bibi Shule ndiye aliyesimama kichwani pake akasoma kwa sauti: mke amefariki, asiambiwe. Lo! Mtu aliyefundishwa kwamba sikio hulala mwisho! Mdomo huponza kichwa, lakini wake ulikiponza kichwa cha mwenzake. Siku kumi nzima fundi amebeba msiba peke yake, hata sauti ya kulilia hana.

"Nisamehe, kaka'angu," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nisamehe. Lakini vuta pumzi, nakuomba. Mama yako hana mwingine."

Fundi akautazama mlango, kisha ubao. MAMA ASIJUE.

Haukupita muda mama akaingia, amejikaza, tabasamu tele usoni.

"Mwanangu, mkeo anakusalimu. Anasema ukazane, anakusubiri nyumbani."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akajitahidi hata kutabasamu kandokando ya mpira.

"Umeona?" mama alimwambia Bibi Shule, akimshika mkono kwa furaha. "Dawa yake ndiyo hiyo. Nitakuwa namwambia kila siku."

Nyuma yao king'ora cha mashine kilianza kulia: fundi amesusa tena kupumua. Mkufunzi akaja, akatazama namba, akairudishia mashine kazi yote.