Msumari wa Numerio

Daraja la mbao la mto Tiberi halitaki chuma. Hata mtoto anyonyaye hapa Roma anajua: limefungwa kwa vigingi vya mti mtupu, maana Baba Tiberino, mungu mwenye mto, havumilii kutiwa chuma mwilini. Numerio alikuwa fundi wa daraja hilo kwa miaka ishirini, na siku nane zilizopita alipigilia msumari.

Sababu alikuwa nayo. Nani hukosa sababu? Kigingi kilimpasukia mkononi, mbao za akiba zilikuwa zimelowa, na kuhani alikuwa njiani kuja kukagua. Akaugongomea msumari chini ya ubao, akaupaka lami. Kuhani alipita akiguna kwa kuridhika. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Usiku uleule mto ulianza kufura.

Leo maji yalikuwa yamemeza soko la ng'ombe. Tadia, binti yake wa pekee, aliyejifungua juzi, alikuwa amekwama orofani kule bondeni, katika nyumba ya matofali mabichi. Mumewe yuko vitani. Opia, mkewe Numerio, alikuwa ameshaazima mtumbwi wa jirani, na mkondo ule ulitaka watu wawili.

"Baba Tadia, panda twende."

Numerio alikuwa akinawa mikono kama mtu anayekwenda kutoa sadaka. "Napitia darajani kwanza."

"Darajani kuna nini? Daraja nalo limejifungua?"

Akamwambia habari za msumari. Opia alishika kifua.

"Chuma? Wewe, fundi mzima?"

"Nitautoa, naye Baba Tiberino atashusha maji. Tukiingia mtoni kabla sijamtuliza, atatuzamisha sote. Anamtaka Tadia kwa kosa langu, mama, huoni?"

"Naona mtoto wangu yuko juu ya udongo uliolowa!"

Lakini na yeye alikuwa mtu wa Roma, alimwogopa mwenye mto tangu utotoni. Akaketi mtumbwini, akamngoja. Hilo hatajisamehe kamwe.

Numerio alitambaa juu ya daraja huku magogo yakigonga nguzo. Koleo lake la chuma aliliacha nyumbani, hangerudia kosa. Alichukua koleo la shaba, nalo lilikuwa laini, likawa linateleza. Akalitupa, akaung'ang'ania msumari kwa vidole mpaka kucha mbili zikang'oka. Ilimchukua asubuhi nzima. Ulipotoka, aliulaza uso wake juu ya ubao, akalia.

"Baba Tiberino, nimekukosea mimi. Niadhibu mimi, mtoto muache."

Alipochungulia chini, nguzo ilikuwa na ukanda wa matope upana wa kidole. Muda kidogo, vidole vinne. Maji yalikuwa yanashuka! Alikimbia hadi mtumbwini akipiga kelele kama mlevi, akamkumbatia mkewe, na Opia mwenyewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Walipiga makasia upesi, wakibishana mjukuu apewe jina la nani.

Walipokata kona ya bondeni hawakuiona nyumba. Palikuwa na rundo la udongo na boriti mbili zilizosimama. Mzee mmoja mshona viatu alikuwa juu ya paa la jirani, amejifunika gunia.

"Imeanguka sasa hivi," alisema. "Maji yalikuwa yamezishika zile kuta. Yalipoanza kushuka, zikakosa pa kuegemea. Alikuwa dirishani na mtoto, anawaita. Amewaita tangu alfajiri."

Damu ya vidole vya Numerio ilikuwa ikichuruzika juu ya kasia.

"Tiberino amekusikia," Opia alimwambia, bila kumtazama. "Ulitaka maji yashuke. Yameshuka."

Akateremka mtumbwini, matope yakamfika kiunoni, akaanza kufukua kwa mikono.