Ufa Katika Sahani

Binti wa kinyozi aliusikia ugunduzi wake mwenyewe ukitangazwa kabla hajavuka kizingiti cha kibanda cha baba yake.

"Ameikamata!" baba alikuwa akisema, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha fundi viatu. "Saratani ya tezi dume, hii hii iliyonishika mimi, mwanangu ameipatia dawa. Kwisha kazi!"

"Shikamoo baba," alisema mlangoni, masikio yakimwaka moto.

"Marahaba, mama! Njoo uwaeleze hawa wabishi."

Akaeleza, maana kueleza hakujawahi kumshinda. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, jumbe hupita huku na huko: kua, gawanyika, tulia, hama. Kuna vipande vidogo mno, vinaitwa maikroRNA, ambavyo huvizia jumbe fulani na kuzinyamazisha kabla hazijatekelezwa. Katika saratani ya tezi dume, baadhi ya vipande hivyo hupungua. Ujumbe wa kuhama ukikosa wa kuunyamazisha, chembe hufunga safari, mara nyingi hadi mifupani. Yeye, katika maabara anakofanyia utafiti, alikuwa amerudisha kipande kimoja kwenye chembe zilizokuzwa sahanini, nazo zikasita kuhama.

"Kinanyamazisha?" fundi viatu aliuliza. "Nipatie kidogo nimtilie shemeji yangu kwenye chai."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Binti naye alicheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Saratani ya baba ilikuwa bado haijatoka kwenye tezi, na matibabu ya mionzi yalikuwa yakiendelea, ila macho yake leo yalikuwa ya mtu aliyekwisha kupona. Na matokeo yenyewe yalikuwa yameonekana mara moja tu. Kiongozi wa maabara, ambaye wanafunzi walimbatiza Mama Rudia, aliyatazama akasema, "Mazuri. Mazuri kupita kiasi. Rudia, na safari hii usijue sahani ipi ina kipande na ipi haina. Mzazi haoni makengeza ya mwanawe." Matokeo yakikataa kujirudia, kipande kile kingewekwa kando, na kazi yake yote pamoja nacho.

Jioni, baba akifagia nywele, binti alimwambia, "Baba, ile si dawa."

"Unajishusha tu."

"Sijishushi. Kesho ndiyo tutajua kama hata ni kitu. Njoo ujionee."

Kesho yake baba alikuja maabara, akavikwa koti jeupe lililompwaya.

"Nimefanana na daktari?"

"Na muuza nyama, mzee wangu," alijibu dada wa benchi la jirani, mtani wa maabara nzima. Ndiye aliyeandaa sahani na kufunika jina la kila moja kwa utepe mwekundu.

"Karibu, mzee," alisema Mama Rudia. "Usiguse kitu."

"Na kupumua?"

"Kupumua ruhusa."

Katika kila sahani chembe za saratani zilikuwa zimetanda kama zulia, na siku iliyotangulia binti alipitisha ncha ya plastiki katikati, akaacha ufa. Chembe zisipozuiwa hutambaa kutoka pande zote mbili mpaka ufa uzibe. Aliweka sahani ya kwanza chini ya hadubini, picha ikajitokeza kwenye skrini. Ufa ulikuwa umezibwa. Ya pili, ufa ulikuwa wazi kabisa.

"Si tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta?" baba alinong'ona.

"Hapa tunaomba usizibwe, baba."

Kwenye sahani iliyofuata binti alisita. Chembe zilikuwa zimeingia ufani, si zote, kama watu wanaojaribu maji kwa vidole vya miguu. Angeweza kuuita wazi. Nani angebisha? Baba alikuwa amesogea hadi pumzi yake ikamgusa shingoni.

"Umezibwa nusu," alisema kwa sauti. "Andika hivyo."

Sahani zilipokwisha, yule dada wa benchi la jirani akabandua utepe, moja baada ya nyingine. Kila ufa uliozibwa ulikuwa wa sahani zisizo na kipande chake. Zilizobaki wazi zilikuwa nacho. Na ile ya nusu, nayo ilikuwa nacho.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mama Rudia.

"Nilidhani kinazisimamisha. Hakizisimamishi. Kinazichelewesha."

Mama Rudia akavua miwani. Wote wakalingoja lile neno lake.

"Andika makala," alisema.

"Kumbe anajua neno jingine!" yule dada akapiga makofi.

Baba akamgeukia binti yake. "Mimi kitanifaa, mama?"

"Wewe una mionzi na daktari wako, baba. Hiki kiko kwenye sahani bado, si mwilini. Huenda siku moja kikamfaa mwingine. Huenda."

Binti alingoja uso wa baba unywee. Baba aliendelea kuitazama skrini.

"Ile ya nusu, ulijua ni yako?"

"Sikujua."

"Na ukasema zimeingia."

"Zilikuwa zimeingia."

Baba akanyoosha kola ya koti lile pana, akasimama wima kana kwamba limeshonwa kwa kipimo chake.

Jumamosi fundi viatu aliketi tena kitini. "Mzee, ile dawa imefikia wapi?"

"Nani kakwambia dawa?" kinyozi alisema, kwa majivuno makubwa kuliko ya kwanza. "Ni kuchelewesha, tena kwenye sahani. Binti yangu hasemi asichokiona. Na wewe uliyekwisha kupita miaka hamsini, nini kinakuchelewesha kwenda kumwona daktari? Inamisha kichwa."